Ukwapi Bila Utao: Kulisoma Andalio la Somo

Somo limeeleweka. Kwa miaka tisa niliyofundisha madarasa ya chini katika shule ya msingi ya serikali, sentensi hii niliiandika karibu kila siku ya kazi, mara tatu au nne kwa siku, chini kabisa ya ukurasa, pale palipoandikwa Tathmini. Juzi nilifungua sanduku la madaftari yangu ya maandalio nikaanza kuyasoma kama ninavyosoma mashairi: polepole, kalamu ya risasi mkononi, nikijiuliza kwa nini neno hili limekaa hapa. Nilikaa na daftari moja siku nne. Ni la Kuhesabu, Darasa la Pili, na wiki niliyoikazia macho ni moja tu ya mwezi wa Aprili.

Walimu huliona andalio la somo kama kazi ya kujaza. Wathibiti ubora wa shule, ambao zamani tuliwaita wakaguzi, huliona kama ushahidi kwamba mwalimu hakuingia darasani mikono mitupu. Nadhani kuna namna ya tatu ya kuliangalia. Andalio ni utungo. Lina umbo lisilobadilika, lina mizani yake ambayo ni dakika, lina msamiati wake wa vitenzi, lina hata kibwagizo. Na kama ilivyo kwa utungo wowote wenye arudhi kali, umbo lake huamua nini kinaweza kusemwa ndani yake na nini hakina pa kukaa.

Nianzie ukutani, maana andalio halizaliwi peke yake. Kabla yake kuna ratiba, ile karatasi ya manila iliyochorwa kwa maka peni na mwalimu wa taaluma na kubandikwa ofisini. Mistari ya kulala na ya kusimama, siku tano, vipindi vya dakika 30 kwa Darasa la Kwanza na la Pili, dakika 40 kuanzia la Tatu. Safu ya kwanza ni Jumatatu, yaani siku ya tatu. Lugha yetu huanza kuhesabu juma siku inayofuata sala ya Ijumaa, kwa hiyo mosi na pili hupita shule imefungwa, na mtoto hufika darasani hesabu imekwisha kuanza bila yeye. Kisha huja Jumatano, ambayo ni tano kwa Kiswahili, na mara baada yake Alhamisi, ambayo ni tano tena, safari hii kwa Kiarabu. Darasa la Pili niliwahi kuulizwa na mtoto kwa nini hakuna Jumasita. Sikuwa na kipindi cha kumjibu.

Kuna jambo jingine katika ratiba ile ambalo nililitazama kila asubuhi kwa miaka bila kuliona. Masomo makuu ya madarasa mawili ya mwanzo ni vitenzi. Kusoma, Kuandika, Kuhesabu: ndizo KKK zilizowekwa katikati ya mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili mwaka 2015. Hata mazingira na usafi vilipata kitenzi, Kutunza Afya na Mazingira. Ukivuka kwenda Darasa la Tatu, vitenzi huondoka na nomino hukaa mahali pake: Hisabati, Sayansi, Kiswahili, na sasa Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili. Kuhesabu na Hisabati ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu, lakini la kwanza ni jambo analolifanya mtoto kwa vizibo vya soda, na la pili ni kitu kilichokwisha kuwapo kabla yake, kinachomngoja. Badiliko hilo la aina ya neno hutokea katika likizo ya Desemba, wala hapana anayemtangazia mtoto. Naliona ni badiliko kubwa, na ratiba imelisema kwa herufi tatu tatu ndani ya vijumba vidogo: HIS, SAY, KIS.

Juu ya azimio la kazi sitakaa. Walimu wengi bado huliita skimu. Huandikwa mwanzoni, likiwa na safu za mwezi, wiki, mada, idadi ya vipindi, zana, rejea, na mwisho kabisa kulia, safu nyembamba kuliko zote, Maoni. Wiki katika azimio ni namba tupu. Aprili wiki ya pili haijui kama ni masika, kama mto umejaa, kama watoto wa ng'ambo ya korongo watafika. Azimio langu la mwaka ule lilisema kwamba katika wiki hiyo watoto wangetoa namba za tarakimu mbili. Ndivyo tulivyofanya.

Sasa andalio lenyewe.

Juu ya ukurasa kuna kijedwali cha idadi ya wanafunzi: walioandikishwa na waliohudhuria, wavulana, wasichana, jumla. Jumatatu ile nimeandika 94 na 80. Hapa ndipo mahali pekee katika ukurasa mzima ambapo watoto wanatajwa kama watu wengi. Mara tu kijedwali kinapoisha, wanageuka mmoja. Katika maandalio ya zamani lengo mahususi liliandikwa kwa fomula ambayo kila aliyepita chuo cha ualimu anaijua kwa moyo: katika kipindi cha dakika fulani, kila mwanafunzi aweze kutaja, aweze kueleza, aweze kubainisha. Chimbuko la fomula hiyo liko mbali. Mwaka 1956 Benjamin Bloom na wenzake nchini Marekani walichapisha mpangilio wao wa malengo ya elimu, na tangu hapo vyuo vya ualimu duniani vimefundisha kuandika malengo kwa vitenzi vinavyopimika. Kiswahili kiliipokea fomula kikaipa sarufi nzuri kuliko ilivyostahili. Aweze ni dhamira ya kutaka na kutumaini. Ni sarufi ya dua: apone, arudi salama, aweze. Ndani ya karatasi ya kiofisi kabisa, mwalimu alikuwa akimwombea mtoto mmoja mmoja, na neno kila lilikuwa halimwachi yeyote nje.

Mtaala wa 2005 ulileta neno umahiri, na mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024 kwa Awali, Darasa la Kwanza na la Tatu, umeliweka juu kabisa: umahiri mkuu, umahiri mahususi, kisha shughuli. Nia yake naiunga mkono. Mtoto afanye, asikariri tu. Lakini tazama kilichotokea kwenye sarufi. Umahiri huandikwa kwa ku-: kutumia, kumudu, kutambua. Kitenzi kimepoteza nafsi. Kumudu nani? Ile a- ndogo ya aweze, iliyokuwa imembeba mtoto mabegani kwa silabi moja, imeanguka njiani. Badiliko lililokusudiwa kumweka mwanafunzi katikati limemtoa katika sentensi ya kwanza inayomhusu.

Moyo wa andalio ni jedwali la hatua: utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri, hitimisho. Majina ya hatua yamebadilika mara kadhaa, ila mwendo ni uleule. Mbele ya kila hatua kuna dakika zake. Jumatatu ile: 5, 10, 8, 4, 3. Jumla 30, bila kuzidi wala kupungua, kwa urari ambao malenga angeuonea fahari. Mshairi akikosa mizani moja hulitafuta neno lingine. Mwalimu akikosa dakika moja hana la kutafuta, kwa sababu mizani yake si ya maneno, ni ya watoto 80 wenye penseli 50. Dakika kumi za maarifa mapya ni sekunde 600. Gawa kwa 80. Kila mtoto ana sekunde saba na nusu za kukutana na jambo ambalo hajawahi kulijua.

Kisha safu mbili zinazoelekeana. Kushoto vitendo vya mwalimu, kulia vitendo vya mwanafunzi. Msomaji wa ushairi wa Kiswahili hawezi kuliona umbo hili asikumbuke mshororo wa shairi uliokatwa katikati, kipande cha kwanza kikiitwa ukwapi, cha pili utao. Uzuri wa mshororo umo katika kile kinachotokea mtu akivuka ule mkato. Utao hujibu, hukamilisha, hugeuza, wakati mwingine hupinga. Ukwapi ukisema jua limetoka, utao hauna ruhusa ya kusema tena kwamba jua limetoka; hapo shairi linakuwa limekufa, hata vina vikipatana.

Nimesoma safu zangu za wiki nzima. Kushoto: kuwaongoza wanafunzi kutoa namba za tarakimu mbili kwa kutumia vizibo. Kulia: kutoa namba za tarakimu mbili kwa kutumia vizibo. Kushoto: kuwaongoza wanafunzi katika vikundi kujadili majibu. Kulia: kujadili majibu katika vikundi. Ukurasa baada ya ukurasa, utao ni ukwapi uliokatwa kichwa. Ondoa kuwaongoza wanafunzi, kinachobaki ndicho alichofanya mwanafunzi. Safu ya kulia haina tukio hata moja ambalo halikuanzia kushoto. Mtoto katika umbo hili hawezi kuuliza, maana kuuliza hakukuongozwa. Hawezi kukosea, kwa kuwa hakuna mwalimu atakayeandika kushoto kwamba atawaongoza wanafunzi kukosea. Hawezi kulala usingizi kwa njaa saa 5:00. Hawezi kugundua njia yake mwenyewe. Tunaposema kwamba ufundishaji wetu bado unamfanya mtoto mwitikiaji, mara nyingi tunailaumu hulka ya mwalimu au wingi wa darasa. Mimi naulaumu pia mstari huu wa kusimama katikati ya ukurasa, ambao kila jioni, kwa miaka, uliufundisha mkono wangu kuandika mwangwi.

Inaumiza zaidi kwa sababu shule za nchi hii ziliwahi kuwa na umbo la safu mbili lililo hai. Mathias Mnyampala alibuni ngonjera, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 zilienea mashuleni kwa kasi. Watoto husimama pande mbili, upande mmoja haujui au haukubali, upande wa pili huelekeza. Mwisho wake hujulikana tangu mwanzo, asiyejua hukubali. Ndiyo kasoro ya ngonjera, na wahakiki wameisema. Hata hivyo kabla ya kukubali hupewa ubeti wa kukataa. Ana zamu ya kusema hapana kwa mizani kamili, mbele ya wazazi, na anayemjibu hulazimika kumjibu kwa hoja aliyoitoa yeye. Utao wake una damu. Siku ya mahafali tulilipenda umbo hilo hadi machozi, na Jumatatu iliyofuata tulirudi kwenye umbo lisiloweza kumwandikia mtoto neno hapana.

Narudi kwenye sentensi yangu. Somo limeeleweka. Tuiangalie sarufi yake. Elewa imegeuzwa kuwa eleweka, kauli ya kutendeka. Kauli hii haina mtenda. Kioo kimevunjika, maji yamemwagika, njia imezibika. Kila mzazi anaijua vizuri kutoka kwa mtoto aliyesimama mlangoni na kusema kikombe kimevunjika. Kutendwa kunakubali kuulizwa na nani; ukisema somo limeeleweka na nani, sikio lenyewe linagoma. Kwa hiyo sentensi niliyoiandika maelfu ya mara inasema kwamba kueleweka kumetokea, kama ukungu ulivyotanda, bila mtu yeyote kuelewa. Somo ndilo lililotendekewa. Darasa halimo.

Katika shairi, kibwagizo hurudi kila ubeti, na malenga hodari hukifanya kimaanishe jambo jipya kila kinaporudi, kwa sababu ya mishororo iliyokitangulia. Kibwagizo changu kilirudi bila kuguswa na chochote kilichokuwa juu yake. Siku ya waliohudhuria 80 limeeleweka, siku ya mvua kubwa waliohudhuria 41 limeeleweka. Na niseme wazi jambo ambalo walimu wenzangu wanalijua: siku nyingine kibwagizo kiliandikwa usiku, pamoja na andalio lenyewe, kabla somo halijafundishwa. Wakati -me- wa hali timilifu uliandikwa juu ya kesho. Sikufanya hivyo kwa uvivu. Nilikuwa na vipindi vingi, madaftari 94 ya kusahihisha, na umbo ambalo halikuwa likinidai jibu lolote isipokuwa saini.

Kuna aina bora kidogo ya kibwagizo. Baada ya semina moja tulielekezwa kuweka tarakimu, na Jumatano ya wiki ile nimeandika: wanafunzi 68 kati ya 80 wameelewa, wengine watasaidiwa katika kipindi cha ziada. Hapa angalau kuna watu, na kitenzi kina nafsi, wa-. Lakini nilipokwenda kuisoma sentensi hii sambamba na ratiba, kama mtu anavyosoma ubeti mmoja kwa mwanga wa mwingine, niliona kwamba kipindi cha ziada hakina kijumba. Hakuna mstari wa manila uliokibeba. Saa 2:00 hadi 4:00 vipindi, kisha mapumziko, kisha vipindi tena, kisha kengele ya mwisho, ile rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe. Tuliahidi kwa njeo ya -ta- mahali ambapo ratiba haikuwa na wakati ujao. Wale 12 walisaidiwa katika saa isiyokuwapo.

Na 12 yenyewe ni namba inayoficha. Siku hiyo hesabu mojawapo ilikuwa 42 kutoa 17. Katika madaftari niliyoyasahihisha jioni, watoto wanne kati ya wale 12 waliandika 35. Mwalimu yeyote wa Kuhesabu anajua 35 imetoka wapi: mbili haitoshi kutolewa saba, kwa hiyo mtoto akageuza, akatoa mbili katika saba akapata tano, kisha moja katika nne akapata tatu. Hilo ni kosa lenye akili. Mtoto huyo ameshika kanuni kwamba ndogo hutolewa katika kubwa, akaitumia kwa uaminifu katika kila safu, kwa sababu bado hajaona kwamba 42 ni kitu kimoja na kwamba mtu anaweza kwenda kwa jirani kukopa kumi. Watatu waliandika 59, wamejumlisha. Alama ya kutoa hawakuiona au haikusomeka ubaoni kutoka nyuma. Watano hawakuandika kitu. Kati ya 35 na ukurasa mtupu kuna umbali mkubwa kuliko uliopo kati ya 35 na 25 iliyo sahihi. Andalio liliwameza wote kwa neno moja, wengine.

Ofisini kuna kitabu kingine, nacho nakitaja kwa shukrani. Mwalimu wa zamu, kila jioni ya wiki yake, huandika taarifa ya siku: mahudhurio, usafi, taaluma, afya, wageni, matukio. Nacho kina fomula zake, siku ilianza vizuri, watoto waliwahi namba, usafi ulifanyika. Ila njeo yake ni -li-, njeo ya msimuliaji, na chini ya kichwa cha matukio fomula hukatika ghafla na maisha huingia. Mtoto wa Darasa la Nne aliumwa na nyuki wakati wa kufyeka. Bibi mmoja alikuja kuulizia mjukuu ambaye siku tatu anatoka nyumbani na hafiki shuleni. Uji haukupikwa kwa sababu kuni zililoa. Mwalimu yuleyule ambaye saa moja kabla aliandika somo limeeleweka, akipewa neno matukio na mistari mitano mitupu, anakuwa mwandishi. Mkono haukubadilika, umbo ndilo limebadilika. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema walimu hawawezi kutafakari kazi yao kwa maandishi. Wapeni safu ya Maoni upana wa ile ya vitendo vya mwalimu, muone kitakachoandikwa. Pale kushoto ambapo tunaandika tuliyokusudia, karatasi ni pana kiganja kizima. Kulia kabisa, ambapo tungeandika yaliyotokea, hapaenei hata jina la mtoto.

Kwa hiyo majina yale yalikwenda kwingine. Nilipogeuza daftari langu la Aprili niliyakuta nyuma kabisa, kwenye ukurasa wa mwisho usio na jedwali, kwa kalamu ya risasi, mwandiko wa haraka. Nilikuwa nimesahau kwamba niliandika. Watoto nao hutumia kurasa za nyuma hivyohivyo: mbele wanaandika tarehe, Zoezi, jibu safi lililopigiwa mstari kwa rula, nyuma wanakokotoa, wanachora vijiti vya kuhesabia, wanafuta, wanachora gari. Ukitaka kujua mtoto amelipataje jibu lake, lifungue daftari kwa nyuma.

Ukurasa wangu wa nyuma una majina manane. Matano yana mstari chini yake na neno nyuma, kwa maana ya wanaokaa nyuma ya darasa, na mshale: waletwe mbele. Matatu kati ya yale yaliyofanya 35 yana maelezo: huyu anageuza, huyu anageuza pia, mpe mbegu za ukwaju badala ya vizibo, afunge mafungu ya kumi, huyu ameeleza mwenyewe, alisema kumi haitoki kwa jirani, inatoka ndani ya nyumba. Nimeisoma kauli hiyo ya mtoto wa miaka minane mara nyingi wiki hii. Ndiyo maana ya 42 kwa ukamilifu, na ni bora kuliko ile hadithi ya jirani niliyomfundisha. Mbele, kwenye ukurasa wa siku hiyo, safu ya vitendo vya mwanafunzi inasema: kutoa namba za tarakimu mbili kwa kutumia vizibo. Kando ya majina saba kuna alama ya vema na tarehe, zote za wiki mbili zilizofuata. Jina la nane halina vema wala tarehe.